Udongo ulioyashinda matrekta ya Kongwa

Mwaka 1947, mabuldoza yalianza kuangusha pori la Kongwa, mkoani Dodoma, ili papandwe karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi, na mafuta ya kupikia huko yaligawiwa kwa kadi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alikuwa ameishawishi serikali yake kwamba karanga za Tanganyika zingeliziba pengo hilo. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulikuja kukagua ardhi kwa wiki tisa. Sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka angani, wakiwa ndani ya ndege. Wakarudi na mapendekezo ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na nchi ambayo leo ni Zambia.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilikuwa hazijasafishwa hata ekari 10,000. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, minyororo mizito ikafungwa kati ya mabuldoza mawili ili ikokote miti, na bado kazi haikwenda. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kwamba mpango umekwisha. Takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Wanaoisimulia habari hii hutaja sababu nyingi: reli isiyotosha, bandari iliyoelemewa, vipuri vilivyochelewa, mvua za Dodoma ambazo huja msimu mmoja kwa mwaka na pengine hukatika katikati. Zote ni za kweli. Lakini reli hujengwa na vipuri huagizwa. Kilichokuwa hakiagiziki ni udongo wenyewe, na huo haukuwa umeulizwa vya kutosha kabla ya injini kuwashwa.

Udongo wa Kongwa, ukiutazama mvua zinaponyesha, ni mwekundu, una kina na unalimika. Mtu akipita juu yake siku hizo anaweza kuusifia. Ndani yake, hata hivyo, mna mchanga wa kwatsi, jiwe gumu lenye kingo kali, ambao ulikuwa ukilamba chuma cha majembe ya matrekta kama msasa. Pamoja na mchanga huo mna mfinyanzi wa kutosha kuugandisha wote. Mvua ikipiga udongo wa namna hii ukiwa uchi, mabonge yake husambaratika na kuwa uji, na jua likirudi, uji huo hukauka ukawa kitu kimoja kigumu mfano wa sakafu.

Sasa fikiria karanga. Mmea huu huchanua maua juu ya ardhi, lakini matunda yake huyazaa chini. Ua likishachavushwa hutoa kijiti chembamba kinachoteremka na kujichimbia udongoni, na ni ncha ya kijiti hicho inayovimba na kuwa ganda lenye karanga ndani. Ganda hilo hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, bila kuisubiri kutoka mizizini. Kwa hiyo karanga hudai udongo laini mara mbili: kwanza kijiti kipate kupenya, kisha mvunaji apate kung'oa shina bila maganda kubaki chini. Kati ya mazao yote ambayo mtu angeweza kuyachagua kwa ardhi inayoganda, lilichaguliwa lile linalohitaji ardhi legelege kuliko mengine.

Nusu yake ni nafasi

Tumezoea kuuona udongo kama kitu kizito, kilichoshindiliwa. Ukweli ni kwamba katika udongo mzuri wa shamba, karibu nusu ya ujazo ni nafasi tupu. Vitabu vya sayansi hutoa kipimo hiki: madini asilimia 45, maji asilimia 25, hewa asilimia 25, na vitu vilivyooza pamoja na viumbe hai asilimia 5 hivi. Kipimo hubadilika. Baada ya mvua maji huifukuza hewa, na wakati wa kiangazi hewa huchukua mahali pa maji. Mboji, yaani hivyo vitu vilivyooza, katika nyanda kavu kama Dodoma mara nyingi haifiki hata asilimia 2. Lakini jambo la nusu kuwa wazi ndilo la kushika, kwa kuwa mizizi hupumua. Shamba lililotuama maji hugeuka manjano ilhali maji yapo tele, kwa sababu mizizi imekosa hewa. Na shamba lililokanyagwa na ng'ombe au matairi mazito hudumaza mahindi hata likiwa na mbolea, kwa sababu zile nafasi zimefungwa.

Madini yenyewe ni mawe yaliyosagwa na jua, mvua, mizizi na muda. Wataalamu huyagawa kwa ukubwa wa chembe. Mchanga ni kuanzia milimita 2 hadi sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara 100. Linalofuata ni tope laini, ambalo ukilisugua kati ya vidole huhisi kama unga. Kisha huja mfinyanzi, ambao chembe zake ziko chini ya sehemu 2 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona moja moja. Udongo wenye vyote vitatu kwa kiasi kinachofaa ndio tunaouita tifutifu.

Mgawanyo huu unaweza kuupima nyumbani na watoto. Tia udongo katika chupa ya kioo mpaka theluthi yake, jaza maji, ongeza sabuni ya unga kidogo, funga mfuniko na utikise kwa dakika kadhaa. Uweke mezani. Mchanga utatua chini baada ya dakika moja au mbili. Tope laini litatua baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi, na pengine maji yatabaki na ukungu hata wiki ikipita. Kisha pima kila tabaka kwa rula. Nimewaona watu waliolima kipande kimoja cha ardhi maisha yao yote wakishangazwa na chupa hiyo.

Mchanga hupitisha maji haraka na haushiki chakula cha mmea. Mfinyanzi ndio ghala. Uso wa chembe zake una chaji hasi ya umeme, na virutubisho vingi, kama kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na amonia, huja vikiwa na chaji chanya, kwa hiyo hunaswa hapo mpaka mzizi uje kuvibadilisha na chaji yake. Naitreti ina chaji hasi, kwa hiyo hainaswi: mvua kubwa ikinyesha, inateremka na maji hadi mahali ambapo mizizi haifiki. Hii ndiyo sababu mabwana shamba husisitiza mbolea ya kukuzia itiwe kwa awamu. Urea ikishaingia udongoni hugeuka amonia, kisha katika wiki chache bakteria huigeuza naitreti, na kuanzia hapo ni mbio kati ya mmea na mvua.

Tena mfinyanzi si wa aina moja. Upo ule wa kaolini, jamii ya udongo mweupe unaochimbwa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Gramu moja ya kaolini ina uso wa mita za mraba 10 hadi 20 hivi. Na upo mfinyanzi unaovimba, wa jamii ya smektaiti, ambao gramu yake moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 600 au 700, kwa kuwa tabaka zake hufunguka na kuyapokea maji hadi ndani. Mfinyanzi huu wa pili ndio unaotawala katika ardhi nyeusi za mbuga. Masika hunata mpaka gari haliendi, na kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi unaofaa hupasuka kuta, na mwenye nyumba humlaumu fundi kwa miaka mingi.

Ardhi nyekundu za miinuko yetu, zilizozeeka kwa kunyeshewa maelfu ya miaka, kwa kawaida hubaki na kaolini pamoja na kutu ya chuma, na kutu hiyo ndiyo inayozipa wekundu. Ghala lao ni dogo. Kinachozisaidia kushika maji na chakula, na kinachoyafunga mabonge yasivunjike kila mvua inapopiga, ni mboji. Ondoa mboji, na udongo huo hauna mwingine wa kuutegemea. Buldoza linapong'oa kichaka huondoka na sehemu ya tabaka la juu, lile jeusijeusi lenye unene wa kiganja, na ndilo lenye mboji nyingi zaidi. Kisha uzito wake hushindilia kinachobaki. Chini ya minyororo ile, ardhi ambayo tayari ilikuwa na tabia ya kuganda ilipokonywa kitu pekee kilichokuwa kikiizuia.

Yaliyojulikana kabla

Linalonikera katika habari ya Kongwa ni kwamba elimu ilikuwepo. Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo tangu Wajerumani walipokianzisha mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, alifanya kazi hapo mkemia wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Mwaka 1936 yeye na wenzake walitoa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kabla ya hapo, kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936, alikuwa amezunguka sehemu nyingi za Tanganyika akichimba mashimo na kuandika alichokiona.

Aliona jambo ambalo leo hufundishwa duniani kote kwa jina alilolipa yeye, katena. Ukiteremka kutoka kilele cha mwinuko hadi bondeni, udongo hubadilika kwa mpango uleule, mwinuko baada ya mwinuko. Juu mna mawe na udongo mwekundu usio na kina. Katikati mna kichanga cha rangi hafifu. Chini, ambako maji hukusanyika pamoja na chembe laini zilizosombwa, mna mfinyanzi mweusi. Hizo ni aina tofauti, lakini zimeshikamana kama pete za mnyororo, kwa sababu kinachopotea juu hupokelewa chini. Kwa hiyo mtu hawezi kuupima udongo mahali pamoja kisha akadai ameijua wilaya. Milne alifariki mwaka 1942. Taarifa ndefu ya safari yake ilichapishwa katika jarida la ekolojia mwaka 1947, mwaka uleule ambao mabuldoza yaliingia Kongwa.

Wakulima wa Usukumani walikuwa wakilima kwa mpangilio huo bila ramani. Udongo wa kichanga wa miteremko huuita luseni, na huko hupanda mihogo, viazi vitamu na njugu. Chini yake huja itogolo, ambako tabaka gumu lililojificha chini huzuia maji yasizame, na hapo ndipo walipojenga majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga. Anayenunua shamba huko huuliza kwanza lina udongo gani, ndipo aulize bei.

Waluguru, kwa upande wao, walilipa kwa kutosikilizwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wajenge matuta ya ngazi kwenye milima yao mikali karibu na Morogoro ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa ya haki. Lakini katika mlima ambao udongo wenye rutuba ni mwembamba, kukata ngazi huufukia udongo wa juu na kuuleta juu ule wa chini usiozaa. Wanawake na wanaume walifanya kazi kubwa ili wavune kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 yalizuka maandamano na ghasia zilizogharimu maisha, na mpango ukaachwa.

Weka pembeni ya hayo wanayoyafanya Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye miteremko mikali vilevile. Mvua zinapokaribia kwisha, hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba mlima mzima. Kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuufunika udongo ule juu ya majani. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na kingo, yanayoitwa ngoro. Maji ya mvua hukaa mashimoni badala ya kukimbia mlimani, majani huoza chini ya kingo, na mazao hupandwa juu yake: maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata. Wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Udongo wa juu hubaki juu na majani huingia ndani. Sijui njia nyingine ya kilimo nchini inayostahili kusomwa na vijana wa vyuo vya kilimo kuliko hiyo.

Walio hai chini yetu

Nimekwisha kutaja bakteria kana kwamba ni wasaidizi wa pembeni. Wao ndio wenye nyumba. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja, pamoja na nyuzi za kuvu zenye urefu wa mita nyingi, na viumbe vidogo vinavyowala hao. Jani lililoanguka halina faida kwa muhindi mpaka wao wamelitafuna na kulirudisha katika chumvi ambazo mzizi unaweza kuzinywa.

Kundi moja kati yao hufanya kazi ambayo viwanda huifanya kwa joto kali na gharama kubwa. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria wa jamii ya rizobiamu huingia kwenye mizizi ya maharage, kunde, choroko na karanga, wakajenga vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula. Ng'oa shina la maharage linapoanza kuchanua, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi. Kipimo hiki hakigharimu senti, na ningependa kila mtoto wa shule ya msingi akifanye walau mara moja.

Ile harufu inayopanda mvua za kwanza zinapogusa vumbi nayo hutoka kwao. Hutengenezwa hasa na bakteria wa jamii ya streptomaisi. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz aliipata dawa ya streptomaisini kutoka kwa bakteria wa jamii hiyo waliotolewa udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza ya antibayotiki kuushinda ugonjwa wa kifua kikuu. Wapo miongoni mwa wasomaji ambao babu au bibi yao alipona kwa sindano hizo.

Minyoo ya ardhini ilimshughulisha Charles Darwin hata uzeeni, na kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, kilihusu jinsi inavyougeuza udongo juu chini. Kwetu, penye ukame, kazi kubwa ya aina hiyo hufanywa na mchwa. Hupandisha mfinyanzi kutoka chini na kuujenga kichuguu, ndiyo maana udongo wa kichuguu hupendwa na wafyatua matofali, na ndiyo maana mahindi yaliyopandwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa mara nyingi huwa na kijani kilichokolea kuliko jirani zake.

Viumbe hawa wote hula mabaki ya mimea. Kila Septemba nikiona moshi umetanda juu ya mashamba yaliyovunwa, mabua yanachomwa ili kurahisisha kulima, najua kwamba chakula chao ndicho kinachoteketea. Majivu huacha potashi na chokaa kidogo, na mahindi ya mwaka huo yanaweza kuonyesha nguvu. Naitrojeni na kaboni huwa zimekwenda na moshi. Ninaelewa kwa nini mkulima mwenye jembe la mkono na siku chache za kuandaa shamba anawasha kiberiti. Anayestahili kuulizwa ni aliyepewa kazi ya kumletea njia nyingine, na hajafika kijijini.

Mfuko wa mbolea na maswali yake

Mwaka 2006, huko Abuja, viongozi wa Afrika walikubaliana kuongeza matumizi ya mbolea hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Nchi nyingi hazikufika. Walipokutana tena Nairobi, Mei 2024, mkutano wao ulibeba jina la mbolea na afya ya udongo kwa pamoja. Nyongeza hiyo ni kubwa, maana inakiri kwamba mfuko peke yake haukutosha.

Tanzania ilirudisha mbolea ya ruzuku kwa msimu wa 2022/23, baada ya bei ya dunia kupanda, na wakulima wengi waliokuwa wameacha kununua walirudi. Naunga mkono ruzuku. Lakini mkulima wa Njombe na mkulima wa Kahama huchukua mfuko uleule wa kilo 50, mbolea ya kupandia ileile na ya kukuzia ileile, na udongo wao haufanani hata kidogo.

Chukua fosforasi. Katika udongo mwekundu wenye uchachu mwingi, kutu ya chuma na aluminiamu huikamata fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mzizi haupati ila sehemu ndogo ya iliyotiwa. Mkulima analipia mfuko mzima na kulisha zao kwa robo. Zaidi ya hapo, bakteria wanapoigeuza amonia kuwa naitreti huacha tindikali nyuma yao, kwa hiyo kutia mbolea za urea na DAP mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu. Kipimo cha uchachu (pH), ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, kikiwa chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi huwa mifupi, minene, haina vitawi. Shamba kama hilo linahitaji chokaa ya kilimo kabla halijahitaji mfuko mwingine wa mbolea, na nyanda za juu kusini zina maeneo mengi ya namna hiyo.

Na tiba nyingine tunazo nyumbani. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna fosfeti iliyotokana na kinyesi cha ndege wa majini waliokuwa wakitua hapo zama ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Mbolea ya Minjingu huyeyuka taratibu, na huyeyuka vizuri zaidi penye uchachu. Kwenye udongo wenye chumvichumvi au chokaa nyingi, itakaa tu kama changarawe. Mbolea ileile inaweza kuwa dawa Iringa na kuwa hasara mahali pengine, na hakuna awezaye kuamua kwa kutazama rangi ya ardhi akiwa barabarani.

Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha zinazolipia ruzuku ingehamishiwa kwenye maabara za udongo na kwa maofisa ugani wenye vipimo mkononi, mpaka kila kata iwe na majibu yake yenyewe. Maabara zipo: kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), mkoani Tanga, kimejengwa juu ya utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupokea sampuli. Tatizo ni umbali, nauli na kutokujua kwamba mtu wa kawaida anaruhusiwa kupeleka.

Anaruhusiwa. Sampuli huchukuliwa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, ili majibu yarudi kabla ya kupanda. Tembea shambani kwa kupindapinda, chimba sehemu 10 hadi 20, kila shimo sentimita 20 kwenda chini, na utwae kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini ya shimo. Epuka kichuguu, mahali palipokuwa zizi, njia ya miguu, chini ya miti na palipochomwa moto, maana hapo utapata habari za mahali hapo tu. Shamba likiwa na mwinuko na bonde, yachukulie kuwa mashamba mawili. Changanya vipande vyote katika ndoo safi ya plastiki isiyowahi kutiwa mbolea, ondoa mawe na mizizi, anika kivulini, toa nusu kilo na uifunge kwenye mfuko safi. Andika juu yake jina lako, kijiji, tarehe, zao ulilovuna na zao unalotaka kupanda. Omba wapime uchachu, mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, na waulize kwa maneno yako mwenyewe: je, nianze na chokaa?